Afande Hakatizwi

Afande alipomaliza kusema alikuwa na desturi ya kutamka "ova", kama mtu aliye kwenye redio ya jeshi. Ova ilikuwa ruhusa. Kabla ya ova ulikuwa msikilizaji; baada ya ova ungeweza kufungua mdomo. Ni utaratibu mzuri, na ungefanya kazi vizuri kama si jambo moja dogo: Afande alikuwa akisahau kusema ova.

Nimewaona watu wazima wenye akili zao wamesimama mbele yake pale Bwera, mji wa mpakani na Kongo, jua la saa saba likiwachoma utosi, midomo nusu wazi, wakilisubiri neno lile. Muuza mihogo mmoja alisubiri mpaka moshi ukaanza kupanda kutoka kwenye karai lake.

"Afande, muhogo yangu inaungua."

"Bado niko kwa hewa," Afande akamjibu, na akaendelea kumweleza namna bora ya kukaanga mihogo.

Jeshini alikuwa mtu wa redio. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuvaa vidude masikioni, kusikiliza sauti kutoka mbali na kuiandika bila kukosa neno. Redio zilipoanza kufungwa kwenye kompyuta, alijifundisha kompyuta peke yake, kwa sababu kufundishwa na mtu mwingine kulikuwa na tatizo lililo wazi: angelazimika kunyamaza. Alipostaafu alifungua chumba cha mafunzo Bwera, nyuma ya duka la mabati, na kila Jumamosi alirudi Rukoki kwa mke wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa pili katika chumba hicho. Watu wote waliniita Madamu. Yeye aliniita Kuruta, ingawa nilikuwa nimekwisha kulea watoto wawili na sijawahi kushika hata bunduki ya mti.

Somo lake la kwanza lilikuwa viatu. Hukugusa kibodi kabla hajavikagua. "Kiatu chafu, faili chafu," alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza uhusiano. Somo la pili lilikuwa gwaride. Aliwapanga wanafunzi nyuma ya meza, akapiga kelele kama yuko uwanjani, nao wakajibu kwa sauti moja huku vidole vikishuka pamoja:

"Kontro C!"

"Chukua!"

"Kontro V!"

"Weka!"

Ukishika Ctrl na C pamoja, unanakili maneno uliyoyachagua. Ukishika Ctrl na V, unayabandika pengine. Kila mtu anayetumia kompyuta ofisini anajua hilo. Lakini wanafunzi wa Afande hawakulijua kwa kichwa, walilijua kwa mfupa. Mpaka leo ukiingia ofisi yoyote ya wakala wa forodha Mpondwe, utamwona karani akinakili namba ya lori huku bega likipanda kidogo, kama anataka kupiga saluti. Ikumbuke Ctrl na C hiyo. Itarudi.

Nisimwonee. Kulikuwa na wake wa askari kutoka kambini, wengine wameletwa huku kutoka pembe za mbali za nchi, hawamjui mtu, na yeye aliwafundisha bila malipo. Mjane mmoja alitumia asubuhi nzima kutafuta herufi za jina lake. Afande, mtu asiyeweza kumsubiri muuza mihogo avute pumzi, aliketi kando yake kimya. "Taratibu, Mama. Kompyuta haiendi popote." Jina lilipokamilika, alilikuza hadi likajaza kioo chote, akasimama na kulipigia saluti. Yule mama alicheka mpaka akatoa leso.

Kisha akageuka, akanikuta nikimweleza mwanafunzi jambo, akanikatiza katikati ya neno. Maana hiyo ndiyo sehemu ya pili ya utaratibu wake: Afande hakatizwi, lakini Afande hukatiza. Amewahi kumkatiza msemaji wa familia msibani ili kurekebisha cheo cha marehemu. Marehemu alikuwa amepandishwa ngazi moja zaidi ya aliyostahili, na Afande aliona si haki azikwe hivyo.

Sasa tuje kwenye kazi yake kubwa.

Karibu na forodha ya Mpondwe kuna yadi ambapo malori husubiri zamu ya kuvuka kwenda Kongo. Mwenyewe alikuwa Hajji, msafirishaji mtaratibu ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti. Zamani foleni ya yadi ilipangwa kwa chaki: lori likiingia, linaandikwa namba mlangoni. Madereva walikuwa na vitambaa. Usiku ukipita, asubuhi kila lori lilikuwa namba moja.

Afande alijitolea kumwandikia Hajji programu. Aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, miezi mingi. Jeshini alibeba maneno ya watu wengine maisha yake yote. Hii ilikuwa kauli yake mwenyewe, ya kwanza na ya pekee, na alitembea Bwera kama mtu aliyejenga daraja. Lori likiingia, karani analiandika. Zamu ikifika, spika inatangaza, "Lori namba nne, getini," na mlinzi anainua mti wa geti. Karatasi alizipiga marufuku. "Karatasi ni ya raia," alisema. Foleni yote ilikaa ndani ya kumbukumbu ya mashine, na ilihifadhiwa mara moja tu kwa siku, jioni, programu ikifungwa kwa heshima. Ripoti huandikwa mwisho wa kazi, ndivyo alivyofunzwa.

Ndani ya programu hiyo aliweka kitu ambacho sisi wa fani hii tunakiita mkalimani. Kama hujawahi kuandika programu usiogope, si jambo gumu. Ni dirisha jeusi lenye alama inayowaka na kuzima. Unaandika amri moja, mkalimani anaielewa papo hapo, anaitekeleza, anakujibu, anasubiri nyingine. *Onyesha foleni. Tanguliza lori la saba.* Ni kama kuwa na mtu ndani ya mashine unayeweza kuzungumza naye wakati mashine inaendelea na kazi. Afande alimpenda sana mtu huyo. Alikuwa mtu wa kwanza kumjibu na kunyamaza.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili, karani wa yadi, binti aliyefunzwa na Afande mwenyewe, alitaka kunakili namba ndefu ya lori na tela lake kutoka kwenye dirisha jeusi. Bega likapanda. Kontro C, chukua!

Katika dirisha jeusi, Ctrl na C hazina habari na kunakili. Hapo ni ishara ya kukatiza. Ni kama kuigusa programu begani na kusema: acha unachofanya. Na programu ambayo haijafundishwa la kufanya ikiguswa begani hufanya jambo moja: inakufa. Ya Afande ikafa, na foleni yote ikafa nayo. Nje kulikuwa na uwanja uliojaa madereva, kila mmoja akiapa kwamba alikuwa wa tatu.

Afande alikuja mbio na viatu vyake vinavyong'aa.

"Nani alikufundisha kufinya hiyo?"

Karani alimtazama usoni. "Ni wewe, Afande."

Hajji hakusema mengi. Aliokota kipande cha chaki dirishani, akakigeuza-geuza vidoleni. "Afande, mimi nakuheshimu. Lakini lori inabeba mali ya watu. Hii kitu ikinizimikia tena, inaingia stoo, na mimi narudi kwa chaki yangu."

Tangu siku hiyo Afande alikuwa na kitu kimoja cha kupoteza, na kila mtu Bwera alikijua. Chumba cha mafunzo kingeweza kufungwa, angefungua kingine. Lakini programu ile ikiingia stoo, angebaki mzee mwenye viatu safi anayemfuata muuza mihogo.

Akaitengeneza. Alifanya jambo ambalo yeye pekee, kati ya watu wote ninaowajua, angeliona kuwa ni la kawaida: aliiamuru programu isisikie ishara ile kabisa. Ibonyeze mara moja, ibonyeze hadi kucha zing'oke, haitageuka. Akaniita mimi na wanafunzi, akabonyeza mbele yetu. Kimya. Alama ikaendelea kuwaka na kuzima.

"Mmeona? Haikatizwi."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na la kusema, nikasubiri ova, ova haikuja, nikasema hivyo hivyo. Nilisema kwamba mtu aliyeibiwa kupitia mlangoni hazibi mlango kwa matofali. Atatokaje siku nyumba ikiwaka? Mkalimani anapokea amri za binadamu, na binadamu hukosea. Lazima pawe na njia ya kumwambia aache.

"Na wewe ukikosea amri, Afande?"

"Mimi?" akasema.

Kisha akanisimulia kisa cha ujumbe, ambacho alikuwa ameshanisimulia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kilikuwa jibu lake kwa mtu yeyote aliyezungumzia habari ya kukatizwa. Alikuwa kijana, kaskazini, ndani ya hema la redio. Ujumbe ulikuwa unaingia, sauti dhaifu, mikwaruzo mingi. Mtu akasukuma turubai na kuanza kumsemesha. Yeye hakugeuka. Aliinua kiganja, hivi, na hapa alikiinua mbele ya uso wangu, akaendelea kuandika mpaka neno la mwisho. "Ujumbe ilifika salama. Yote. Hakuna neno hata moja ilipotea." Kisa kiliishia hapo siku zote, kiganja kikiwa hewani, nawe ukijisikia kama yule mtu wa kwenye turubai.

Hajati aliwasili yadini siku moja asubuhi na vifaranga.

Alikuwa mfanyabiashara wa Kasese, mama mnene mwepesi, na biashara yake ilikuwa kupeleka vifaranga vya siku moja upande wa Kongo. Vifaranga vya siku moja havijui foleni. Vinasafiri kwenye maboksi yenye matundu, na jua likipanda lazima viwe vimeshafika. Kanta yake, lori dogo, ilikuwa namba mbili. Dereva wake, Mkongo mwembamba, alikuwa ameshawasha injini.

Asubuhi hiyo hiyo Afande alikuwa amechoshwa na madereva wasiosikia namba zao. Akamwandikia mkalimani amri mpya ya kujivunia: *mwite wa kwanza mpaka aondoke.* Spika ikaanza. "Lori namba moja, getini. Lori namba moja, getini." Namba moja akasikia, akaja, mlinzi akainua mti, lori likatoka, likavuka. Safi kabisa. Karani akataka kuandika kwamba namba moja ameondoka.

Lakini kuondoka kunaandikwa ndani ya programu ile ile, na programu ilikuwa na shughuli. Ilikuwa inamwita namba moja mpaka aondoke. Haikuweza kupokea habari kwamba ameondoka mpaka imalize kumwita, na haikuweza kumaliza kumwita mpaka ipokee habari kwamba ameondoka. Soma tena polepole ukipenda. Mimi mwenyewe nilihitaji dakika kadhaa, na vifaranga havikuwa nazo.

"Lori namba moja, getini," spika ikasema.

Dereva wa Hajati akasogeza kanta mpaka kwenye mti. Mlinzi, askari mstaafu ambaye Afande alimtafutia kazi ile na kumfunza mwenyewe, hakutikisika.

"Mimi nasikia sauti. Sauti inasema moja. Wewe ni moja?"

"Mimi niko mbili!"

"Basi ngoja moja apite."

"Moja iko Kongo! Iko nakula samaki!"

"Mimi nitajuaje?"

"Lori namba moja, getini," spika ikamuunga mkono.

Ndani ya ofisi Afande alibonyeza Ctrl na C. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa mikono miwili, kama mtu anayekandamiza nguo kwenye sanduku lililojaa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

"Mashine inakataa amri," alisema.

"Haikatai, Afande," nikasema, na sikusubiri ova. "Inakutii. Uliiambia isisikie."

Dereva akaingia na boksi mkononi. "Papa Afande! Bitoto bya kuku biko nakufa! Fungua njia!" Nyuma yake akaingia Hajati, na nyuma ya Hajati akasimama Hajji, mlangoni, akitazama.

Kulikuwa na njia moja tu, kuchomoa waya ukutani. Lakini kuchomoa waya ni kuifuta foleni, na huko nje kulikuwa na malori mpaka barabarani. Nilimweleza Hajati hivyo.

"Banange! Foleni iko ndani ya hiyo kisanduku peke yake?" akauliza. "Na hao wanaume wote huko nje, hawana macho?"

Akatoka hadi katikati ya yadi, akaweka mikono kiunoni. "Madereva! Kila mtu asimame nyuma ya mtu alimkuta hapa! Mwenye kudanganya, mimi namjua mke wake!"

Walisimama. Walibishana kidogo, wakasukumana, lakini walisimama, na foleni ikajitokeza pale mavumbini nzima kama ilivyokuwa ndani ya mashine. Dereva anamjua aliye mbele yake kuliko anavyomjua shemeji yake, maana tangu alfajiri amekuwa akimtazama kwa chuki.

Hajati akarudi ndani, akaelekea ukutani. Afande akaona anakokwenda, akainua kiganja.

"Hajati, ngoja kwanza. Jeshini kuna utaratibu ya—"

Hajati akachomoa.

Kimya kilichofuata sijapata kukisikia tena mpakani. Na sentensi ile mpaka leo haijamaliziwa. Hatutajua jeshini kuna utaratibu wa nini.

Mlinzi hakuwa tayari kuinua mti bila sauti, kwa hiyo ilibidi Afande aende mwenyewe getini na kuwa spika. "Lori namba mbili!" Lakini kabla ya hapo Hajati alikuwa ameshusha maboksi kivulini apate kutenganisha wazima na waliokufa, na waliokufa walikuwepo, laini na manjano, wakirundikwa kwenye kanga yake. Afande alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi. Alimimina maji kwenye kisahani cha chai, akawachovya wazima midomo mmoja mmoja, vidole vikubwa vya redio vikishika vichwa vidogo kuliko jicho la ng'ombe.  

Hajati alipopanda kanta alimtazama kutoka dirishani. "Asante kwa maji, Afande," akasema. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Hajji alisubiri mpaka vumbi likatulia. Chaki ilikuwa mkononi. "Mpaka siku ya soko," akasema. "Ikiwa bado iko hivi, stoo."

Tulirudi Bwera. Afande aliketi mbele ya programu yake muda mrefu. Kisha akasimama, akakisukuma kiti nyuma kwa kiatu, akatoka nje na kuanza kung'arisha viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa. Hakuniambia nikae. Kwa Afande, hiyo ilikuwa barua rasmi yenye muhuri. Nikakaa.

Nilichokifanya ni rahisi, na wewe ungeweza kukifanya. Mimi nimelelewa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, pale bondeni ambapo mto Nyamwamba ukifurika haupigi hodi. Jirani wa juu akiyaona maji yakipanda, hushika debe, hupita akilipiga, ga-ga-ga, na kuendelea kwa jirani wa chini. Haingii kwako kukukusanyia sufuria. Angeingia, mngezama wote wawili. Kazi yake ni kupiga debe. Kazi yako ni kusikia, kufunga fundo ulilokuwa ukifunga, na kutoka.

Ishara ya kukatiza inataka kushughulikiwa hivyo hivyo. Usiiache iue programu nzima, na usizibe masikio. Ikifika, pandisha bendera moja ndogo tu, *kuna mtu ameita*, na uache kazi iendelee. Mkalimani naye, kila amalizapo hatua moja, atazame bendera. Akiikuta juu, aishushe, aiache amri aliyokuwa nayo, arudi kwenye alama yake na kusubiri. Foleni haiguswi. Tena, dirisha la mkalimani linapofunguliwa, mkalimani ndiye anayepokea ishara. Likifungwa, aikabidhi kwa programu mama, ile ya foleni, kama alivyoikuta. Mgeni akiazima kiti, hakiondoki naye.

Afande alirudi akasimama nyuma yangu. Alisoma bila kupumua. Halafu akaninyang'anya kibodi na kuongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kila lori likiingia au kutoka, foleni ihifadhiwe papo hapo. Ripoti haingoji mwisho wa kazi tena. Sikutaja vifaranga, wala yeye hakuvitaja.

"Na ikikatizwa inasema nini?" akauliza.

"Chochote unachotaka."

Akafikiri. Akaandika mwenyewe, herufi kwa herufi.

Siku ya soko, karani alibonyeza Ctrl na C mbele ya Hajji kwa makusudi, bega juu. Kioo kikajibu: *Roja. Amri imekatwa. Foleni ipo.* Roja ni neno la redio. Maana yake nimekusikia. Hajji aliyasoma maneno yale mara mbili, akaangalia foleni, nayo ilikuwepo.

"Kale," akasema, yaani sawa, na chaki akaitia mfukoni.

Programu haikuingia stoo. Jioni ile Afande alimweleza muuza mihogo, kwa kirefu, namna alivyogundua peke yake umuhimu wa kusikiliza. Mihogo ikaungua.

Miaka imepita. Sasa nafundisha Kasese mjini, na wanafunzi wangu wote wanaanza na somo la bendera na debe. Programu ya yadi ingali inafanya kazi. Afande amestaafu mara ya pili, na nilikwenda kumsalimia Rukoki. Nilimkuta barazani, amepungua mwili, viatu vinang'aa vile vile. Aliniita Kuruta. Aliuliza habari za kazi yangu, na kabla sijafungua mdomo akaanza kisa cha ujumbe.

Kaskazini. Hema. Sauti dhaifu, mikwaruzo. Nilijiweka sawa kwenye kiti kama abiria anayeijua safari. Mtu akasukuma turubai—

"Afande, chai," mke wake akasema, birika mkononi.

Nilingojea kiganja. Hakikuja.

"Roja," Afande akasema. Aliweka kidole juu ya kitambaa cha meza, kama mtu anayeshikilia mstari kitabuni, akapokea kikombe kwa mkono mwingine, akanywa.

Nakiri nilifurahi. Nilidhani kisa kimekufa, nikaanza kupanga habari zangu. Lakini ungetegemea mwalimu wa kompyuta ajue zaidi: kilichotengenezwa vizuri hakifi kwa kukatizwa. Afande aliweka kikombe chini, akaondoa kidole, akaendelea kutoka neno lile lile aliloliachia. Mtu akasukuma turubai. Kiganja kikapanda. Ujumbe ukafika salama, wote, hakuna neno hata moja lililopotea. Nikaanza kuinuka.

"Ile mutu ya turubai ilikuwa dereva," Afande akasema.

Nikakaa tena. Kisa hakijawahi kufika hapa.

"Lori ilikuwa inakuja huku Kasese, saa ile ile. Alikuja kuniambia mama yangu amezidiwa, nipande. Nikamwinulia mkono. Akangoja. Nilisikia injini inanguruma, inangoja. Halafu nikasikia imeenda." Alitazama kiganja chake, kisha akakilaza juu ya goti. "Lori ingine ilipatikana wiki iliyofuata. Nilikuta wamezika."

Mke wake alikuwa bado amesimama na birika. Hakumimina.

"Ujumbe ulisema nini, Afande?" nikauliza. Sikusubiri ruhusa, naye hakunikemea.

"Chokaa," akasema. "Mkubwa anakuja kutembelea kambi. Mawe ya getini yapakwe chokaa."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Miaka yote ile nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyu, nimeyabeba mdomoni Bwera nzima, nikisubiri neno moja. Alinigeukia, uso mzima.

"Ova," akasema.

Nikayaacha yote, nikapokea birika kwa mke wake, nikamjazia kikombe.